Mati, silki au glosi: mng'ao upi kwa ukuta upi

Mtu anaweza kumaliza wiki mbili akichagua rangi ya sebule. Atalinganisha krimu na maziwa, ataomba kadi ya rangi dukani, atampigia dada yake simu. Siku ya kununua muuzaji anamuuliza, "Mati au silki?" yaani isiyong'aa au inayong'aa kiasi, naye anajibu papo hapo, "Nipe ile nzuri." Atapewa ya bei ya juu, ambayo madukani kwetu mara nyingi ndiyo inayong'aa zaidi.

Mimi naamini swali hilo la muuzaji ndilo lililostahili zile wiki mbili. Namba ya rangi ikikosewa kidogo, utaizoea. Mng'ao ukikosewa hauzoeleki.

Sebule yetu ya Tanga ina ukuta mmoja mrefu, karibu mita sita, na dirisha la mashariki liko konani mwake. Ukuta ule ulipigwa lipu, ukapigwa skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) ya simenti nyeupe kwa siku mbili, ukasuguliwa msasa. Fundi wa rangi alipofika aliupapasa kwa kiganja tangu mwanzo hadi mwisho, akaniambia, "Dada, ukuta huu hauko tayari kwa silki. Ama skimu irudiwe, ama nikupigie mati." Nikakataa. Nilikuwa nimeiona silki kwa jirani na roho yangu ilikuwa huko. Mkono wa pili wa rangi ulikauka jioni, tukawasha taa, ukuta ukapendeza kweli. Asubuhi yake, saa moja na nusu, jua likaingia dirishani na mwanga ukaambaa na ule ukuta. Kila mahali mwiko ulipogeuzwa paliandikika tao. Skimu ya siku ya kwanza ilipokutana na ya siku ya pili palikuwa na mfereji kutoka juu hadi chini, mfereji ambao ukipitisha kidole huusikii. Saa nne jua lilipopanda, yote yakafutika. Kesho yake yakarudi. Tuliishi hivyo miaka miwili, kisha tukapaka upya kwa mati ya namba ileile. Fundi alikwaruza tu kwa msasa laini ili rangi mpya ishike, skimu hakuigusa. Mawimbi yale yamo ukutani mpaka leo, ila hakuna anayeyaona.

Mng'ao unatoka wapi

Rangi yoyote ya ukuta, ukiiondolea maji au thina itakayokauka na kupotea, inabaki na vitu viwili vikubwa: unga na gundi. Unga ndio unaofunika na kutia rangi, yaani titani dioksaidi kwa weupe, pamoja na vijazio kama chaki na talki. Gundi ndiyo inayoushika unga huo na kuubandika ukutani.

Unga ukiwa mwingi kuliko gundi, rangi ikikauka chembe zinachomoza juu. Kwa macho uso ni laini, lakini kwa mwanga ni kama changarawe: mwanga ukiugonga unatawanyika kila upande. Hiyo ndiyo mati. Gundi ikiwa nyingi, inazizamisha chembe zote na kufanya ngozi laini juu yake, na mwanga ukija unarudi kwa upande mmoja kama kwenye kioo. Hiyo ndiyo glosi. Silki na satini ziko katikati.

Ukishalishika hilo, mengine yote yanajieleza. Ngozi ya gundi hairuhusu uchafu kuzama, ndiyo maana inafutika. Na kwa kuwa inarudisha mwanga kama kioo, kila bonde na kila kilima cha ukuta kitaonekana. Usafi na umbea vinatoka kwenye ndoo moja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Mng'ao una kipimo chake. Kifaa kidogo huwekwa juu ya rangi iliyokauka, kinarusha mwanga kwa pembe ya nyuzi 60 na kupima kiasi kinachorudi. Kioo cheusi kilichong'arishwa ndicho kimepewa 100, na rangi nyingine zote hulinganishwa nacho. Utaratibu huo umo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 2813. Taasisi ya mafundi rangi ya Kanada, Master Painters Institute, imegawa ngazi saba: mati kamili haizidi 5, ya mahameli haizidi 10, ya ganda la yai ni 10 hadi 25, satini ni 20 hadi 35, nusu glosi ni 35 hadi 70, glosi ni 70 hadi 85, na kinachopita 85 ni glosi kali. Neno silki, tulilolizoea sisi kwa kufuata desturi ya Uingereza, halimo katika ngazi hizo. Kwa hiyo silki ya kiwanda hiki yaweza kung'aa kuliko silki ya kiwanda kile, na ukichanganya ndoo za viwanda viwili kwenye ukuta mmoja, hata namba ya rangi ikifanana, kiungo kitaonekana. Kiwanda makini huwa na karatasi ya maelezo ya kila rangi yake, na kipimo hicho huandikwa humo. Iombe.

Kuna jambo moja hapa ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Rangi inaweza kuonekana mati ukiitazama uso kwa uso, lakini ukisimama mwisho wa korido, shavu lako karibu na ukuta, ukatazama kuelekea dirishani, ikang'aa kama imepakwa mafuta. Kwa sababu hiyo ile taasisi ya Kanada hupima rangi tulivu, zisizong'aa sana, mara mbili, kwa nyuzi 60 na kwa nyuzi 85, pembe inayokaribia kulala na ukuta. Kama nyumba yako ina korido ndefu yenye mwanga mwisho wake, usikubali sampuli ya dukani uliyoonyeshwa kwa mbele tu. Iinamishe, itazame kwa ubavu.

Mati dhidi ya silki

Huu ndio uamuzi wa vyumba vingi, kwa hiyo niuchambue taratibu.

Kwa kuficha kasoro, mati inashinda na hakuna mjadala. Dari la jipsamu lina viungo kila mahali bodi mbili zinapokutana. Hata fundi hodari akivifunika vizuri, silki itavifichua siku ya kwanza taa zitakapowashwa. Dari lipakwe mati. Nyumba ya zamani iliyozibwa nyufa hapa na pale, mati. Nyumba ambayo lipu ilipigwa kwa haraka ili mtu ahamie kabla ya mwisho wa mwezi, mati.

Kwa kufutika, silki inashinda, lakini ushindi wake si mkubwa kama tunavyoambiwa. Tatizo la mati ya kawaida si kwamba doa haliondoki. Mara nyingi linaondoka. Tatizo ni kile kinachobaki. Chukua kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, sugua alama ya kiganja cha mtoto kando ya swichi. Doa litakwenda, na mahali pake patabaki duara linalong'aa, kwa sababu umezisawazisha zile chembe zilizochomoza. Umeipiga rangi polishi bila kutaka. Kwenye nyeupe halionekani sana. Kwenye bluu ya giza, kijani cha chupa au kijivu cha mkaa, linaonekana kutoka mlangoni. Rangi za giza katika mati zinapendeza mno pichani, na ni hizohizo zinazochoka haraka nyumbani mwenye watoto.

Hata hivyo, viwanda havikulala. Ulaya wana kiwango cha EN 13300 kinachotenganisha mambo mawili: mng'ao upande mmoja, uwezo wa kusuguliwa upande mwingine. Rangi husuguliwa kwa maji mara 200 kisha hupimwa imepungua unene kiasi gani, na daraja la kwanza ni ile iliyopungua chini ya maikroni 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Zipo mati zinazofika daraja hilo. Bei yake ni ya juu na si kila duka linayo, lakini ikiwa unataka utulivu wa mati na una watoto watatu, hiyo ndiyo ya kutafuta. Muulize muuzaji kama mati yake inaoshika, na usiishie kwenye "ndiyo" yake. Soma maandishi ya kwenye ndoo.

Kwa kurekebisha, mati tena. Ukikwaruza ukuta wa mati kwa kochi, unachovya brashi kwenye rangi iliyobaki, unagusa, na baada ya saa mbili hujui ulipogusa. Ukigusa ukuta wa silki, kiraka kitang'aa tofauti na jirani zake hata kama rangi imetoka kopo lilelile. Dawa yake ni kupaka ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Wapangaji na wenye nyumba za kupangisha walifikirie hili kabla ya kununua.

Kwa uzuri wa rangi yenyewe, inategemea unapenda nini. Namba moja ya rangi, ikichanganywa katika mati na katika silki, itaonekana rangi mbili. Mati hutawanya mwanga mweupe juu ya rangi na kuipausha kidogo. Silki huiacha ionekane imekolea. Mtu aliyeipenda njano ya jirani iliyopakwa silki, akaenda kununua namba hiyohiyo kwa mati, atasema ameibiwa, na hakuibiwa.

Na kuna mwanga wa vitu. Televisheni ukutani, balbu kali, dirisha lililo mkabala: silki inavirudisha vyote. Chumba cha kulala nakishauri mati bila kusita. Pale mtu anataka macho yapumzike, na ukuta wake hauguswi sana isipokuwa kichwani mwa kitanda.

Jikoni na bafuni ni silki. Mvuke ukigonga mati unazama, ukikauka unaacha michirizi, na ukungu hupata pa kukaa. Kwa Pwani wakati wa masika, ambapo nguo yenyewe haikauki, mati bafuni ni kujitafutia kazi. Lakini silki haiui ukungu. Bafu lisilo na dirisha wala tundu la hewa litaota weusi hata kwenye glosi.

Glosi, na habari ya rangi ya mafuta

Kwa mazoea yetu, ukisema glosi umesema rangi ya mafuta, na ukisema rangi ya mafuta umesema glosi. Ni mambo mawili. Glosi ni kiasi cha mng'ao. Mafuta ni aina ya gundi. Zipo glosi za maji, na zipo rangi za mafuta zisizong'aa.

Glosi ya mafuta ina sifa ya haki. Inakauka polepole, kwa hiyo mistari ya brashi hupata muda wa kujilaza, na ikishakauka ni ngumu. Milango ya mbao, fremu, grili, geti: vitu vinavyoshikwa kwa mikono kila saa vinahitaji ngozi ya namna hiyo. Chuma kipakwe kwanza rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu, kwa sababu glosi peke yake haizuii kutu, inaifunika tu. Udhaifu wake ni harufu, kusubiri karibu siku nzima kati ya mkono na mkono, na kugeuka njano. Nyeupe ya mafuta hugeuka njano hasa gizani. Fungua kabati lililopakwa miaka mitano iliyopita, linganisha upande wa ndani wa mlango na upande wa nje. Glosi ya maji haing'ai sana kama ya mafuta, lakini inabaki nyeupe na inakauka haraka. Kwa milango ya ndani iliyo myeupe, mimi sasa nachagua ya maji.

Ukutani, glosi ya mafuta ina makosa mawili ambayo yamekula pesa za watu wengi.

La kwanza ni kuipaka kwenye lipu mbichi. Simenti mpya ina ukali wa chokaa, na ukali huo ukikutana na mafuta vinafanya sabuni, sabuni ya kweli, kwa kemia ileile ya kutengenezea sabuni. Rangi inalainika, inanata, inavuka kama ngozi. Lipu ipewe angalau wiki nne, na msimu wa mvua zaidi, kisha ipakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, inayostahimili chokaa.

La pili ni kuipaka kwenye kuta zinazopumua. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Kuta hizo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani, na wazee walizipaka chokaa, ambayo ndiyo mati kuliko mati zote na haizibi kitu. Ukizivika ngozi ya glosi, unyevu unakosa njia. Unasukuma kutoka ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya rangi, malengelenge yanatokea, na siku moja rangi inaanguka na kipande cha lipu. Inauma kuona ukuta uliosimama karne nzima unaharibiwa na kitu kilichonunuliwa ili kuupendezesha. Kwa ukuta wa aina hiyo, chokaa ibaki chokaa.

Mahali ambapo glosi ukutani imeonyesha maana yake ni kwenye korido za shule na hospitali zetu. Wengi tumekua tukiuona mkanda ule: chini mpaka karibu na bega rangi ya mafuta, mara nyingi kijani, bluu au kahawia, na juu yake rangi ya maji nyeupe. Si pambo. Chini ndiko kunakoguswa na mikono, migongo, ndoo na magurudumu ya vitanda, kwa hiyo pakapewa kinachooshwa. Juu hakuguswi, pakapewa cha bei nafuu kisichorudisha mwanga machoni. Wazo hilo linafaa hata nyumbani. Korido yetu tuliipaka silki mpaka mita moja na ishirini, juu mati. Nilitamani rangi moja juu na chini ili mkanda usionekane, lakini kwa sababu ile niliyoitaja, silki ilionekana imekolea zaidi na mpaka ulionekana kama kosa. Fundi alipigilia ubao mwembamba katikati, na sasa mpaka una sababu ya kuwepo.

Glosi ikitoka imefifia, usikimbilie kulaumu kiwanda. Angalia kwanza kama ilipakwa jioni ya unyevu, maana umande ukiikuta haijakauka inapoteza mng'ao. Angalia kama fundi aliipunguza kwa petroli badala ya thina iliyoandikwa kwenye kopo. Angalia kama andakoti, ile rangi ya chini kabla ya glosi, iliwekwa, kwa sababu mbao kavu hunyonya gundi na kuacha mabaka, huku panang'aa, huku hapang'ai.

Neno moja kuhusu glosi kuukuu. Rangi za mafuta za zamani, hasa njano, nyekundu na kijani, ndizo zilizotiwa madini ya risasi mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa rangi mpya ni sehemu 90 kwa milioni. Usisugue mlango wa zamani kwa msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Ulowanishe, tandika karatasi chini, kusanya vumbi lote, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Nje

Nje ni kwepesi kidogo. Tumia rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, mengine baadaye. Penye vumbi jekundu, kama Singida au Dodoma, yenye mng'ao kidogo husafishwa na mvua, wakati mati hulishika vumbi. Ukuta wenye nyufa nyingi, mati. Ukipitisha kidole kwenye ukuta wa nje na kikatoka na unga mweupe, gundi imeliwa na jua, na hapo ukuta usuguliwe na kupakwa praima kwanza, kwa maana rangi mpya juu ya unga haitashika.

Kabla hujalipa

Usinunue nyumba nzima mng'ao mmoja kwa sababu tu ndoo ni ya lita 20. Chumba cha mita tatu kwa nne, chenye urefu wa kuta mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha kina karibu mita za mraba 34 za ukuta. Lita moja ikifunika kama mita 10, mikono miwili itakula lita 7. Ndoo moja ya mati itatosha karibu vyumba vitatu vya namna hiyo, na jiko utalichukulia silki kwa makopo ya lita 4.

Na usiku mmoja kabla ya kwenda dukani, zima taa zote. Washa tochi ya simu, ilaze ukutani kabisa, mwanga uambae na ukuta, kisha tembea nayo taratibu. Fanya hivyo ukiwa na fundi, mtazame wote wawili. Vivuli vikitokea vingi, chagueni palepale: skimu irudiwe au mati ichukuliwe. Nakuomba umsikilize fundi hapo. Kiganja chake kimepapasa kuta nyingi kuliko macho yako.

Rangi itakayobaki mimina kwenye kopo dogo lenye kifuniko kinachobana, uliweke mbali na jua. Langu liko chini ya ngazi, na juu yake nimeandika kwa maka peni: sebule, namba ya rangi, jina la kiwanda, mati, na mwezi tuliopaka.